Wekundu katika Wiki ya Kijani

Waliofanya kazi chumba cha rangi walikojoa rangi, na hakuna aliyeshtuka. Wiki ya bluu choo kilikuwa bluu. Wiki ya njano kilikuwa njano kupita kiasi alichokipanga Mungu. Wiki ya nyekundu ndiyo iliyokuwa na raha yake, maana wageni walitoka chooni mbio, macho yamewatoka pima, wakidhani wanakata roho. Wenyeji waliwacheka hadi wakashika mbavu. "Sasa umekuwa mwenzetu," waliwaambia. "Kimebaki kitambulisho tu."

Aliyecheka kuliko wote alikuwa Mama Mizani. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa limebaki kwenye karatasi za ofisini. Miaka ishirini na miwili alikuwa amesimama mbele ya mizani ya kiwanda hicho cha kutia rangi vitambaa, akichota unga kwa kopo kutoka kwenye magunia yasiyo na maandishi yoyote ila namba, akipima gramu za kila tangi. Hakuwahi kuharibu hata tangi moja. Vipimo vyote alikuwa navyo kichwani. Karatasi hazikudumu mle ndani. Unga ulizila kwa siku mbili, maandishi yakawa madoa. Kwa hiyo kazi ilifanyika kwa mdomo. Mpimaji mkuu alitaja namba kwa sauti, msaidizi akapima, mpishi wa tangi akamwaga. Alichokitaja Mama Mizani kilikuwa sheria.

Kulikuwa na sheria nyingine ambayo hakuna aliyeiandika. Anayeanza kazi chumba cha rangi huwashiwa sigara yake ya kwanza na yule anayemfundisha. Jambo hilo waliliita kuziba pua. Unga ulikuwa na harufu kali, chungu, iliyokaa kooni hadi usiku, na wakongwe walishika neno kwamba moshi wa sigara huisukuma harufu ile nje. Mama Mizani mwenyewe hakuwa mvutaji alipofika pale. Aliwashiwa ya kwanza na mama mmoja aliyekwisha kufariki, na toka siku hiyo akawa mtu wa sigara kumi kwa siku, anazishika kwa vidole vilivyopakaa rangi ya wiki hiyo.

Mpishi wa tangi walimwita Pipa, kwa umbo lake na kwa kazi yake. Yeye alivuta hata akiwa anakoroga.

"Mapafu yangu yameshachorwa," alipenda kusema. "Nikifa wakinipasua watakuta bendera ya taifa."

Msaidizi mpya wa Mama Mizani alikuwa binti yake wa mwisho, Kitinda. Alikuwa amemaliza chuo, akakaa nyumbani miaka miwili akipeleka barua huku na huko, hadi mama mtu alipomwendea msimamizi na kumbembeleza. Siku ya kwanza, mama akamnyooshea mwanawe sigara, kama alivyonyooshewa yeye.

"Sitaki," Kitinda akasema.

"Utatapika."

"Nitatapika."

Akatapika kweli, mara mbili kabla ya chakula cha mchana. Pipa na Mama Mizani walimcheka vibaya sana. Lakini hakushika sigara, na mwezi wa kwanza ulipokwisha alikuwa anapima haraka kuliko wasaidizi wote waliomtangulia. Msimamizi alianza kupita nyuma yake akitingisha kichwa kwa kuridhika. Majaribio yalikuwa ya miezi mitatu. Yakiisha salama, mtu huandikwa kuwa wa kudumu. Akiharibu tangi katikati, huondoka siku ileile.

Wakati huo kiwanda kilikuwa kwenye nyekundu. Wiki tano mfululizo walitia rangi nyuzi za masweta ya shule. Mtaro uliopita nyuma ya kiwanda ukawa mwekundu, na watoto wa nyumba za jirani wakarusha ndani yake maboti ya karatasi. Mama Mizani alikwenda haja, akaona wekundu, akavuta maji, akarudi kwenye mizani yake. Wala hakufikiri mara mbili. Wiki ya sita ikaja oda ya kijani, magwanda ya walinzi. Mtaro ukageuka kijani. Choo cha wanawake kikageuka kijani.

Ila yeye. Jumatatu akasema ni masalia. Jumatano akanywa maji jagi zima, na jioni akanywa jingine. Jumatatu ya pili akainama kwenye sinki la choo, bomba likiwa wazi ili asisikike akihema, akajiangalia kwenye kioo kilichopasuka. Hakuwa na maumivu yoyote. Hilo ndilo lililomtia hofu, kwa sababu angeweza kuendelea hivyo hata mwaka.

"Pipa," alimwita kando, "wewe unatoa rangi gani wiki hii?"

"Kijani. Kwani kuna nyingine?"

"Mimi nyekundu."

Pipa alifungua mdomo kutaka kutia mzaha, akauangalia uso wa mwenzake, akaufunga.

*

Hospitalini alikwenda peke yake, Jumamosi, akamwambia Kitinda anakwenda msibani. Wakamchukua mkojo, wakamchukua damu, wakampa tarehe ya kurudi. Aliporudi wakamwingizia mrija mwembamba wenye kamera. Daktari alikuwa mwanamke kijana mwenye sauti ya chini, na alipomaliza kuangalia akavua glavu polepole mno.

"Kuna uvimbe kwenye kibofu, mama. Tumekata kipande. Majibu yakitoka nitakuita, lakini sitaki kukudanganya. Sura yake siipendi."

Majibu yalitoka. Ilikuwa saratani.

"Unavuta sigara?"

"Kumi. Siku mbaya, kumi na tano."

"Na kazi yako?"

Akaeleza. Daktari akaacha kuandika, akamsikiliza hadi mwisho, habari za kopo, magunia yenye namba, choo kinachobadilika rangi.

"Na hamkuona ajabu?"

"Tulikuwa tunacheka."

Daktari hakucheka. Alichukua karatasi akachora figo mbili na kibofu chini yake, kama mtoto anavyochora maharage mawili na yai. "Kwenye moshi wa sigara kuna kemikali fulani. Kwenye unga wa baadhi ya rangi kuna ndugu zake, watoto wa baba mmoja. Zinaingia kwa pua, kwa mdomo, hata kwa ngozi. Zikishafika kwenye damu, figo zinazichuja, zinashuka hapa. Zinakaa hapa zikingoja mtu aende haja. Kila siku, miaka yote hiyo."

"Sasa kilichoniumiza ni kipi? Moshi au unga?"

"Siwezi kukutenganishia. Vyote viwili vilikuwa vinasukuma mlango mmoja."

"Asiyevuta je? Aliye kwenye unga tu?"

Daktari akamtazama. "Nani?"

"Nauliza tu."

"Mlango wake unasukumwa na mmoja badala ya wawili. Lakini unasukumwa. Na ugonjwa huu hauna haraka, mama. Mtu anavuta unga leo, majibu anayapata baada ya miaka ishirini."

Mama Mizani akakunja ile karatasi, akaitia ndani ya sidiria. Hakulia. Njiani alijikuta anahesabu siku zilizobaki mwanawe aandikwe wa kudumu. Zilikuwa kumi na tisa.

*

Alimwambia Kitinda jikoni usiku uleule, akimenya vitunguu ili macho yapate kisingizio. Alimweleza yote. Kitinda alikuja akamshika mabega kwa nyuma, akaegemeza paji la uso kwenye shingo ya mama yake. Wakakaa hivyo hadi sufuria ikaanza kuungua.

"Utatibiwa," Kitinda akasema. "Nitakuuguza mimi."

"Utaniuguza ukiwa nje ya kile chumba. Jumatatu usiende."

Mikono ikatoka mabegani. "Mama. Jumatatu nisiende?"

"Ule unga unaua."

"Sigara ndizo zimekuua." Alisema hivyo, akajiuma midomo, lakini neno lilikuwa limekwisha kutoka, naye hakuwa mtu wa kulirudisha nusu. "Samahani. Ila ukweli ndio huo. Kumi kwa siku miaka ishirini na miwili. Mimi sivuti. Nilikataa ile ya kwanza, wewe na Pipa mkanicheka. Unakumbuka?"

"Daktari amesema vyote viwili."

"Amekuambia ni unga?"

"Amesema hawezi kutenganisha."

"Haya basi. Hajui." Kitinda akazima jiko. "Nimekaa kwenye lile kochi miaka miwili, Mama. Nikisikia geti linalia najua ni wewe unatoka kazini, mimi bado nimevaa kanga ya asubuhi. Sasa nimepata kitu ninachokiweza. Msimamizi ameniambia mizani ni yangu siku ukistaafu. Nitavaa kitambaa puani. Nitakunywa maziwa. Usinirudishe kwenye kochi."

Mama Mizani aliweka kisu chini. Alichokiona ni kwamba sigara zake zilikuwa zimempa mwanawe pa kujificha. Miaka yote yeye alijificha nyuma ya unga, akisema bila sigara mtu hawezi kusimama mle. Sasa mtoto amejificha nyuma ya sigara, akisema bila sigara unga hauna neno. Kila mmoja alikuwa na ukuta wake, na kuta zote mbili zilikuwa za karatasi.

Jumatatu akaenda kwa msimamizi. Alikuwa mwanaume nadhifu, shati jeupe siku zote, ambaye hakuvuka kizingiti cha chumba cha rangi bila sababu. Mama Mizani akamwomba barakoa za maana kwa wapimaji wote, na Kitinda ahamishiwe ushonaji.

"Ushonaji kumejaa. Na binti yako ndiye bora niliyewahi kuwa naye tangu wewe. Kuna nini?"

Akamwambia. Msimamizi alisikitika, na hakuwa anaigiza. Alisimama, akamvutia kiti, akamwagizia maji. Kisha akasema, kwa upole uleule:

"Lakini Mama Mizani, tuambiane ukweli. Wewe unamaliza nusu pakiti kwa siku, wazi, mbele ya kila mtu. Halafu unaulaumu unga wangu? Kuna daktari gani atakayekuandikia hilo?"

"Hakuna," akasema.

"Basi pole sana. Chukua likizo unayotaka. Kitinda atakushikia."

*

Zilipobaki siku nne, mizani ilikuwa kwenye rangi ya udongo, mapazia ya hoteli, mita mia nane kwa tangi moja. Mama Mizani alikuwa amelala vibaya. Alisimama mahali pake, mikono nyuma, akataja namba kama kawaida. Nyekundu, mia mbili kumi. Njano, mia tano sitini. Kitinda akarudia kila namba, akapima, akasogeza kopo.

"Nyeusi," Mama Mizani akasema. "Mia nne thelathini."

Mkono wa Kitinda ukasita hewani. "Mia nne thelathini?"

"Umenisikia."

Nyeusi ya rangi ile haikuwahi kuzidi gramu mia. Kitinda hakuwahi kuipima, hakuwa na namna ya kujua. Lakini Pipa alijua. Alikuwa amesimama hatua mbili tu kutoka hapo, mwiko mkubwa mkononi, sigara mdomoni. Aligeuza kichwa. Mama Mizani alimtazama usoni moja kwa moja, na kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na miwili Pipa akaona mwenzake anamwomba kitu. Akapokea lile kopo kutoka kwa Kitinda. Akamwaga.

Mapazia yalitoka kwenye tangi meusi kama masizi. Msimamizi aliitwa. Alikuja na shati lake jeupe, akashika pembe ya kitambaa kwa vidole viwili, na maji meusi yakamtiririkia hadi kwenye kifundo cha mkono.

"Nani amepima?"

"Mimi," Kitinda akasema haraka. "Nyeusi, mia nne thelathini. Nilirudia namba, Mama akaithibitisha."

Wote wakamgeukia Mama Mizani. Vyumba vya karibu vilikuwa vimeacha kazi. Washonaji walijaa mlangoni.

"Nilisema arobaini na tatu," akasema.

Kitinda hakuelewa. Alitabasamu kidogo, lile tabasamu la mtu anayengoja wenzake wamalizie utani. "Mama, ulisema mia nne thelathini. Nikakuuliza."

"Arobaini na tatu. Ndivyo ilivyo tangu ukiwa unanyonya." Sauti yake haikutetemeka. "Huyu mtoto ana haraka. Nimemwonya. Anataka sifa kabla ya kazi."

"Pipa ulikuwepo," Kitinda akasema. "Pipa, si ulisikia?"

Pipa aliitoa sigara mdomoni, akaiangalia kama kitu asichokijua, akaizima kwenye ukingo wa tangi.

"Mvuke ulikuwa mwingi," akasema. "Sikusikia vizuri."

Kitinda alimtazama mmoja, kisha mwingine. Alivua kitambaa puani, akakikunja mara nne, akakiweka juu ya mizani. Washonaji wakampisha njia. Kuna mmoja aliyenong'ona, "Maskini, kamwaga unga," na hakuna aliyecheka.

Jioni Pipa alimngoja Mama Mizani getini.

"Nimebeba uongo wako," akasema. "Angalau nijue ni wa nini."

Akamwambia yote, hata ile karatasi ya maharage mawili na yai akamwonyesha. Pipa aliishika muda mrefu.

"Kwa hiyo na mimi nikapime?"

"Kapime."

"Nitaenda," Pipa akasema, kwa sauti ya mtu asiyekwenda.

Nyumbani Mama Mizani alikuta kochi tupu na kabati la binti yake wazi. Kitinda alikuwa amehamia kwa dada yake mkubwa, ng'ambo ya mji. Ujumbe aliouacha kwenye simu ulikuwa mfupi: *Ungeweza kuniachia hata jina langu.* Mama Mizani hakujibu. Angeeleza, mtoto angemrukia msimamizi kesho yake asubuhi, ukweli ungejulikana, na angerudishiwa mizani yake kwa heshima zote. Kwa hiyo akaumeza. Akaketi kwenye lile kochi, akatoa sigara ya kumi na moja, akaiangalia, akaivunja katikati. Baada ya saa moja akaokota kipande kirefu, akakivuta.

*

Walimfanyia upasuaji wa kwanza miezi miwili baadaye. Siku ya tatu, akiwa amelala na mrija ubavuni, akasikia viatu anavyovijua. Kitinda alisimama miguuni pa kitanda. Alikuwa amenenepa kidogo. Kazi yake mpya ilionekana kwenye shati: nembo ya duka la kurudufu karatasi.

"Pipa alikuja dukani," akasema. "Aliniambia yote. Alikaa nusu saa analia mbele ya wateja."

"Anaumwa?"

"Hajapima. Anaogopa." Kitinda akaweka mfuko wa matunda juu ya kabati. "Sijakusamehe, nikuambie kabisa. Ulinivua nguo mbele ya watu. Hadi leo nikikutana na mtu wa kiwandani mtaani navuka barabara."

"Sikukuomba msamaha."

"Najua. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi."

Mama Mizani alitaka kucheka, mshono ukamkataza. Daktari akaingia, yule wa sauti ya chini. Alimpima, akasoma faili, akasema kilichokatwa kimekatwa, lakini ukuta wa kibofu umeingiliwa kwa ndani, na kuna matibabu mengine mbele, marefu, ambayo hatamwahidi kitu juu yake. Kisha akamgeukia Kitinda.

"Wewe ndiye binti? Mama yako alikuwa anauliza habari za mtu asiyevuta aliye kwenye unga. Ni wewe?"

"Ni mimi. Nimeshaacha."

"Ulikaa muda gani?"

"Miezi miwili na wiki tatu."

Daktari akaandika. "Ni muda mfupi. Hiyo ni habari njema."

Mama Mizani akafumba macho. Miezi miwili na wiki tatu. Alifika kwa wakati. Alipoteza mtoto, lakini alifika kwa wakati.

"Na zile ovaroli, daktari?" Kitinda akauliza. "Nazo tunazihesabu?"

"Ovaroli gani?"

"Za Mama. Mimi ndiye nilikuwa nazifua tangu nikiwa darasa la nne, dada alipoolewa. Kila Jumamosi. Zilikuwa zinajaa unga mifukoni na kwenye mikunjo, kwa hiyo ilibidi nizikung'ute kwanza uani, ndipo niloweke. Nilikuwa nafumba macho nakung'uta." Alisema bila lawama, kama mtu anayejibu swali la fomu. "Rangi ilikuwa inakaa kwenye vidole hadi Jumatatu. Mwalimu alikuwa ananichapa akidhani nachezea wino."

Kalamu ya daktari ikasimama. Mashine ya kitanda cha pili ililia mara tatu, muuguzi akaja akaizima, akaondoka.

"Darasa la nne," daktari akasema polepole. "Hadi lini?"

Kitinda akafikiri. Alimtazama mama yake kana kwamba angemsaidia kukumbuka, lakini Mama Mizani alikuwa amegeuza uso ukutani, na mkono wake mmoja ulikuwa umeshika shuka, unalikunja na kulikunjua.

"Hadi nilipoondoka nyumbani," Kitinda akasema. "Andika miaka kumi na nne."